Tusidanganyane kwa megawati

Iko namba moja ambayo kila Mtanzania anayesikiliza taarifa ya habari ameshaikariri: 2,115. Ndizo megawati za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Imesemwa bungeni, imesemwa majukwaani, na kila ikitajwa hufuatiwa na makofi. Ni namba ya kweli. Mitambo iko tisa, kila mmoja una uwezo wa megawati 235, zidisha mwenyewe. Lakini namba ya kweli nayo inaweza kutumika kudanganyia watu, na hii imetumika hivyo mpaka imechoka.

Megawati ni nguvu ya mtambo. Hakuna mama lishe aliyewahi kununua megawati. LUKU inauza uniti, na uniti ndiyo inayochemsha maji, inayosaga mahindi, inayowasha taa ya chumba cha kujifungulia. Kwa hiyo swali la mtu mzima ni hili: uniti ngapi kwa mwaka, zinapatikana mwezi gani, na saa ngapi za siku? Ukiuliza hivyo makofi yanapungua. Mitambo tisa ya Rufiji ingezunguka kwa nguvu zote usiku na mchana, Januari hadi Desemba, ingetoa uniti bilioni 18 na nusu. Mradi wenyewe umekadiriwa kutoa kama bilioni 6 katika mwaka wa wastani. Theluthi moja. Wala hakuna hujuma hapo, wala kazi mbovu ya Wamisri waliojenga. Mto ndivyo ulivyo: unafura masika, unanywea kiangazi, na mitambo imewekwa mikubwa ili ihimili zile saa chache ambazo nchi nzima inawasha kwa mpigo. Wahandisi walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Wanasiasa nao wanalijua, ila funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa vuka mpaka uende Naivasha. Pale Olkaria, Wakenya wanachota mvuke chini ya ardhi na kuugeuza umeme tangu mwaka 1981. Mitambo yao yote ya jotoardhi, ya Olkaria na ya Menengai ukiijumlisha, haifiki megawati 1,000. Hiyo ni chini ya nusu ya bwawa letu. Na bado mvuke huo unawapa zaidi ya uniti bilioni 5.5 kila mwaka, karibu sawa na tunachokitarajia kutoka Rufiji. Megawati nusu, umeme uleule! Mvuke hausubiri masika. Haujui kama kuna El Niño au ukame. Saa tisa usiku unatoka, saa sita mchana unatoka, na kama asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatoka humo.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wetu wa nishati jadidifu umekuwa wa kulinganisha vimo. Fulani ana megawati nyingi, fulani ana chache, basi mwenye nyingi ameshinda. Kumbe kila chanzo kina tabia yake. Maji yana msimu. Jua lina usiku. Upepo una mapenzi yake. Mvuke hauna msimu wala usiku, ila unagharimu kuutafuta. Anayepanga umeme wa nchi bila kuzijua tabia hizo anacheza bahati nasibu kwa fedha za umma.

Na sisi bahati nasibu hiyo tumeshaicheza, tukapigwa, zaidi ya mara moja. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, nchi ikaingia gizani, na katika kuhangaika kutafuta mitambo ya dharura likazaliwa sakata la Richmond lililomng'oa Waziri Mkuu Februari 2008. Mwaka 2011 tena. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi, mitambo ya maji ilikuwa inazimwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2022 tena, na 2023 mgao ukaendelea mpaka mwanzoni mwa 2024. Mtera, Kidatu, Kihansi, Nyumba ya Mungu, Hale: kizazi kizima kimejifunza jiografia ya nchi kwa kusikia kina cha mabwawa kikitangazwa redioni. Na kila mara tuliambiwa jambo lilelile, kwamba ni mabadiliko ya tabianchi, tumwombe Mungu mvua. Mungu aliombwa. Mbuga za Usangu hakuzisemea mtu. Ruaha Mkuu, mto unaolisha Mtera, umekuwa ukikatika kiangazi tangu mwaka 1993 kwa sababu maji yake yanaishia kwenye majaruba ya mpunga na malisho ya Ihefu kabla hayajafika kwenye mitambo.

Rufiji unapata zaidi ya nusu ya maji yake kutoka Kilombero. Nenda Kilombero leo. Mashamba yanasogelea mto, ng'ombe wanashuka bondeni, miti inakatwa. Tumejenga bwawa la shilingi trilioni 6 na nusu mwishoni mwa bomba, huku mwanzoni mwa bomba kila mwenye jembe na kila mwenye mifugo anatoboa anapotaka. Halafu tunasema tatizo la umeme limekwisha.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zambia wamenyolewa mbele ya macho yetu. Karibu asilimia 85 ya umeme wao hutegemea maji, na moyo wa maji hayo ni Kariba, ziwa la kutengenezwa na watu ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Ukame wa 2024 ulipopiga, maji yanayoweza kutumika kuzalisha umeme yalishuka chini ya asilimia 10. Lusaka, mji mkuu, watu walikuwa wanapata umeme saa tatu kwa siku, na kuna siku hata hizo hazikutimia. Vinyozi, mafundi wa kuchomelea, wenye mabucha, wote wakageuka wanunuzi wa petroli ya jenereta. Zambia hawakukosa megawati. Mitambo ya Kariba ilikuwepo, mizima, imepakwa mafuta. Kilichokosekana ni maji ya kuizungusha.

Nisieleweke vibaya na wale wanaosoma aya moja na kukimbilia kutukana. Bwawa la Nyerere limefanya kazi. Mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024, mgao uliokuwa unatunyonga ulilegea ndani ya wiki chache. Machi mwaka huohuo TANESCO wakazima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji, jambo ambalo hakuna mtu wa rika langu aliyewahi kulisikia. Aprili 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari. Aliyesema haliwezekani ameumbuka. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Ninachokikataa ni usingizi uliofuata. Mwezi mmoja kabla ya mtambo wa tisa, Machi 2025, tuliambiwa nchi hii yenye umeme wa ziada itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu: ukiusafirisha umeme kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro unapotea njiani, na hasara ilitajwa kuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walicheka na wengine wakakasirika. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwa hesabu ya nyaya, serikali ilikuwa sahihi. Umeme ukitembea mbali unapungua, na kuuziana umeme kati ya majirani ni jambo la busara. Kenya nao wananunua umeme kutoka hukohuko Ethiopia. Ila swali halikuulizwa: kwa nini Kaskazini hakuna hata shamba moja kubwa la sola? Same hakuna jua? Simanjiro hakuna jua? Monduli? Tunaagiza maji ya mito ya Ethiopia yaliyogeuzwa umeme, yapite Kenya, yaingie Namanga, yafike Arusha, mahali ambapo jua linachoma mabati mchana kutwa bila kulipwa senti.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Jua ndicho chanzo chenye mustakabali mkubwa kuliko vyote katika ukanda huu, na ndicho tunachokidharau kuliko vyote.

Tazama bei. Tangu 2010, gharama ya umeme unaotoka kwenye mashamba makubwa ya sola duniani imeshuka kwa karibu asilimia 90. Betri nazo zimeshuka kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Katika kipindi hichohicho, gharama ya umeme wa mabwawa mapya imepanda, kwa sababu maeneo rahisi ya kuziba mito yamekwisha, saruji haishuki bei, na watu wa kuhamisha wameongezeka. Chanzo kimoja kinakuwa rahisi kila mwaka, kingine kinakuwa ghali kila mwaka. Mfanyabiashara wa Kariakoo angejua la kufanya bila kuajiri mshauri mwelekezi.

Tazama ardhi. Wapinzani wa sola hupenda kusema inakula ardhi. Haya, tupige hesabu. Katikati ya nchi, Singida, Dodoma, Shinyanga, kilowati moja ya paneli hutoa uniti kama 1,600 kwa mwaka. Kupata uniti bilioni 6, zile za Rufiji, unahitaji megawati 3,750 za paneli. Weka hekta mbili kwa kila megawati, na hapo nimekuwa mkarimu: hekta 7,500, yaani kilomita za mraba 75. Ziwa la Bwawa la Nyerere limefunika zaidi ya kilomita za mraba 900, tena ndani ya iliyokuwa Pori la Akiba la Selous. Nani amekula ardhi?

Tazama wenzetu. Ujerumani, ambako majira ya baridi jua huonekana kwa nadra, mwanzoni mwa 2025 ilivuka megawati 100,000 za sola. Paneli ileile ukiifunga Singida inatoa zaidi ya mara moja na nusu ya inachotoa kule. Pakistan, nchi yenye madeni na matatizo yake, mwaka 2024 pekee iliingiza paneli za megawati kama 17,000. Na ili nisihukumiwe kwa sheria yangu mwenyewe, nazigeuza kuwa uniti: zaidi ya bilioni 20 kwa mwaka. Hakuna rais aliyekata utepe. Wakulima walichoka na dizeli ya pampu, wenye viwanda walichoka na bili, kila mtu akapanda juu ya paa lake. Hiyo ndiyo sifa ya jua ambayo hakuna chanzo kingine kinacho: linaweza kununuliwa kidogo kidogo. Huwezi kununua robo ya bwawa. Huwezi kuchimba nusu ya kisima cha jotoardhi. Paneli unanunua moja leo, ya pili ukivuna.

Sisi je? Kishapu, mkoani Shinyanga, ndiko lilikoanzishwa shamba letu la kwanza kubwa la sola la kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa. Megawati 150 zilipangwa, awamu ya kwanza 50. Kenya walizindua la Garissa, la ukubwa huohuo wa 50, mwaka 2019. Nchi yenye jua kuanzia Kagera hadi Mtwara imechukua miaka yote hii kufika hapo!

"Jua linazama, bwana mwandishi." Naam, linazama, na watu huwasha taa, televisheni na majiko kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Hilo ndilo pingamizi pekee la maana dhidi ya sola, na jibu lake tumeshalilipia trilioni 6 na nusu. Liko Rufiji. Bwawa ni betri. Mchana jua likiwaka, punguza kufungulia maji, yaache yakae ziwani. Jua likizama, fungulia. Kila uniti ya sola inayotumika mchana ni maji yaliyobaki kwa ajili ya usiku, na maji ya masika yaliyobaki kwa ajili ya Oktoba. Ile mitambo mikubwa tisa, inayokaa bila kazi theluthi mbili ya uwezo wake, hapo ndipo ingeonyesha thamani yake halisi. Ghana wameshaanza: kwenye bwawa la Bui, la megawati 404, wameongeza sola ya megawati 50, na baadhi ya paneli zinaelea juu ya maji ya bwawa lenyewe. Wametumia nyaya zilezile, kituo kilekile cha kupozea umeme, wafanyakazi walewale. Sisi tuna ziwa kubwa na laini ya kilovoti 400 inayokuja Chalinze, na juu ya maji yale hakuna kitu ila viboko.

Huo ndio mpango ambao Tanzania ingepaswa kuwa nao, na ungeifanya iwe nchi yenye umeme wa uhakika kuliko zote Afrika Mashariki. Badala yake orodha ya miradi inayosubiri zamu inaanza na Ruhudji, megawati 358, na Rumakali, megawati 222, yote Njombe, yote ya maji. Yaani mtu aliyeumwa na nyoka mara nne anakwenda kununua nyoka wengine wawili.

Turudi kwenye mvuke, maana jua bila mwenza wa kutegemewa halitoshi. Bonde la Ufa halikuishia Namanga. Linashuka Natron, linapita hadi Rungwe na Kiejo, na wataalamu wamekadiria tuna uwezo wa megawati 5,000 za jotoardhi. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, ilianzishwa mwaka 2013. Tangu hapo tumesikia Ngozi, tumesikia Kiejo-Mbaka, tumesikia Songwe, tumesikia Luhoi. Mitambo ya kuchoronga imepokewa, picha zimepigwa. Zaidi ya muongo mmoja umepita, na hata balbu moja haijawaka kwa jotoardhi ya Tanzania kupitia gridi ya Taifa.

Najua ugumu wake. Kisima kimoja cha kina kinameza mamilioni ya dola, na unaweza kufika chini ukakuta jiwe kavu. Hakuna benki inayopenda mkopo wa namna hiyo. Ndiyo maana Kenya hawakuwaachia wafanyabiashara peke yao. Walianza kuchoronga Olkaria miaka ya 1950, kabla ya Uhuru, wakakosa, wakaacha, wakarudi. Ukame wa 1999 na 2000 ulipowatia gizani kwa sababu ya mabwawa ya Mto Tana, walijifunza. Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya umma kazi yake ikiwa kubeba ile hatari ya kuchoronga, kisha kuwauzia wengine mvuke. Sisi fedha ya hatari tunayo, tumeithibitisha Rufiji. Tunakosa ujasiri wa kuitumia mahali ambapo matokeo hayaonekani kutoka kwenye helikopta.

Nao Wakenya wasivimbe kichwa. Usiku wa manane, mahitaji yakishuka, mvuke wa Olkaria huachiwa uende hewani kwa kukosa wa kuutumia, halafu jioni ya siku inayofuata mitaa inakatiwa umeme kwa sababu hautoshi. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilizima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Na Wamasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha Olkaria IV walilalamika mpaka wakopeshaji wa Ulaya na Benki ya Dunia wakalazimika kuja kusuluhisha. Chanzo kizuri hakimfanyi anayekisimamia kuwa mwema.

Upepo ndio unaoonyesha hilo kuliko vyote. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo, jumla megawati 310, na upepo wa pale ni wa ajabu: mitambo hiyo hufanya kazi zaidi ya nusu ya uwezo wake kwa mwaka, kiwango ambacho Ulaya wanakisikia tu baharini. Kwa uniti inazotoa kwa kila megawati, Turkana inaipiga Rufiji bila shida. Lakini mapanga yalikuwa tayari mwaka 2017, na laini ya kilomita zaidi ya 400 ya kuutoa umeme jangwani haikukamilika hadi 2018. Mwenye mitambo alilipwa fidia ya mabilioni kwa umeme ambao haukufika popote, na aliyelipa ni mwananchi. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000, hazikupatikana kwa mujibu wa sheria. Na kule Kinangop, wakulima walisimama mbele ya mradi wa megawati 60 mpaka ukafa. Upepo haukuwa na kosa lolote. Walioutaka waliwasahau wenye ardhi.

Singida yetu ina upepo ambao tumeuhubiri kwa zaidi ya miaka kumi. Makambako hivyohivyo. Kilichopo hadi sasa ni mitambo michache ya Mwenga, Mufindi, megawati 2.4, iliyojengwa na watu binafsi waliochoka kusubiri. Upepo unastahili nafasi ya tatu, nyuma ya jua na mvuke, kwa sharti moja: kijiji kiwe na hisa kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Mengine nitayapita haraka. Mawimbi ya bahari tuyaache kwa wenye fedha za majaribio. Mabaki ya miwa, kama wanavyoyachoma TPC Moshi, ni jambo zuri, lakini sera ya taifa haijengwi juu ya kiwanda cha sukari. Maji ya mito midogo, hapo nitasimama kidogo, kwa sababu Kongo inatufundisha. Inga ya kwanza ilikamilika 1972, ya pili 1982, na tangu wakati huo inahubiriwa Inga Kuu ya megawati 40,000 itakayoangaza Afrika nzima. Wakongomani wenye umeme mpaka leo ni kama mmoja kati ya watano. Wakati mahubiri yakiendelea, kando ya hifadhi ya Virunga, Matebe, kilijengwa kituo cha megawati 13 tu, kikafunguliwa 2015, na Goma ikapata umeme kutoka hapo na vituo wenza. Kidogo kilichopo kimekishinda kikubwa kinachohubiriwa.

Na Zanzibar? Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari inayotoka Bara ilipokufa, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu kabla yake ilikaa karibu mwezi. Kisiwa chenye jua la kutosha kuwaleta watalii kutoka Ulaya kilizimika kwa uzi mmoja. Dawa iliyotolewa ilikuwa kebo nyingine, kubwa zaidi.

Sasa niseme kinachoniudhi kuliko vyote. Serikali zetu hazikidharau chanzo cha jua kwa kutojua. Zinakidharau kwa sababu umeme wa jua humtoa mwananchi mkononi mwao. Mwaka 2020 iliagizwa kwamba wenye mitambo midogo vijijini na visiwani wauze uniti kwa shilingi 100 kama TANESCO. Agizo tamu masikioni. Wakazi wa visiwa kama Ukara walikuwa wanalipa bei kubwa mno, na kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini TANESCO ina ruzuku ya miaka na mabwawa ya miaka. Mwenye paneli na betri kisiwani hana. Dawa ilikuwa kumpa ruzuku mtumiaji wa Ukara kama anavyopewa wa Masaki. Tulichofanya ni kuwafukuza wawekezaji na kuita hiyo huruma. Kenya walijaribu kuitoza sola kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2020, wananchi wakapiga kelele, mwaka uliofuata wakajirudi. Afadhali wao walijirudi.

Wakati huohuo tunatangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme. Kijiji kimefikiwa, nyumba je? Nguzo inapita, transfoma iko shuleni, na bibi wa kitongoji cha pili anaiangalia kwa mbali huku akipuliza kuni. Watanzania wengi kabisa bado wanapikia kuni na mkaa, na lengo la serikali ni kufikisha asilimia 80 kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa uniti zipi? Zile bilioni 6 za Rufiji, ukizigawa kwa Watanzania milioni 61.7 wa sensa ya 2022, kila mmoja hafikishi uniti 100 kwa mwaka. Uniti nane kwa mwezi. Hazipiki maharage.

Halafu kinywe cha Mahenge na nikeli ya Kabanga, madini yanayotengeneza betri ambazo dunia inazigombea, tunapanga kuyasafirisha. Tutayanunua tena yakiwa betri, kwa dola, na wakati huo tutaambiwa betri ni ghali ndiyo maana tunahitaji bwawa jingine.

Msimamo wangu hauna kona. Jua kwanza, na liwekwe Kaskazini, Kati na Kanda ya Ziwa, karibu na wanaolitumia. Mvuke wa pili, kwa fedha ya umma, kuanzia Ngozi, na TGDC ipewe bajeti ya kuchoronga au ifutwe. Upepo wa Singida na Makambako wa tatu. Bwawa la Nyerere liwe ghala la usiku na la kiangazi, na Bonde la Kilombero lilindwe kama mtambo wa kumi. Ruhudji na Rumakali zisubiri mpaka mtu atuonyeshe, kwa maandishi, zitatoa uniti ngapi katika mwaka wa ukame kama wa 2006.

Bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa Dodoma kila mwaka kabla ya Julai. Itakaposomwa tena utasikia megawati nyingi, na wabunge watapiga meza. Mpigie simu wa kwako kabla hajapiga meza. Mwambie asimame aulize mambo matatu: uniti ngapi, mwezi gani, saa ngapi. Waziri akimjibu kwa megawati, aulize tena.